Mesoni Iliyotunza Sabato

Wiki ile ambayo Taa ya Mvumo ilikuwa bado haijawashwa juu ya mwili wa mtu yeyote, Naelijwa Msangi aliitwa kutia sahihi chini ya mchoro, na akakataa kushika kalamu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, katika chumba cha michoro cha Kituo cha Mlongea, mita tisini ndani ya mlima wa Upare Kusini. Juu yao kulikuwa na mashamba ya tangawizi, migomba, kanisa lenye bati la buluu, na watu wanaoanika nguo. Huku chini kulikuwa na pango refu lililochongwa mwambani, na humo pangoni bomba la chuma lililozunguka kama bangili, ambamo elektroni zilikimbizwa mpaka zikakaribia mwendo wa mwanga. Chumba chenyewe kilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Mezani palikuwa na karatasi moja tu, pana kama khanga.

"Mwanangu, kalamu haiumi," alisema Profesa Senkoro, mkuu wa kituo. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyevaa suti iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata nyanya.

"Kalamu haiumi, Profesa. Inayouma ni hii ya nane."

Akaweka kidole kwenye karatasi. Mstari mweusi ulishuka kutoka kushoto kwenda kulia, taratibu, kama njia ya mlimani inayoteremka mtoni. Karibu na mwanzo wake, mahali ambapo ungetegemea uteremke tu, mstari uliinuka kidogo, ukatengeneza kilima, ukashuka tena. Kilima kile hakikuzidi ukucha. Lakini kwa ajili yake watu walikuwa wameshashona fulana.

Ugomvi wenyewe ulianzia hapa. Protoni si gololi. Ukiirushia elektroni, hairudi kama iliyogonga jiwe. Inarudi kama iliyogonga tonge la ugali, na ukihesabu zinazorudi kwa kila pembe, unajua tonge lile ni kubwa kiasi gani na limebonyea wapi. Hesabu hiyo ndiyo watu wa Mlongea waliiita kipimo cha umbo. Ila mwanga unaopita kati ya elektroni na protoni hauingii mtupu. Njiani huvaa vazi, kwa kitambo kifupi mara mabilioni kuliko kupepesa jicho, ukageuka mesoni, na ni mesoni hiyo inayobisha hodi. Kila mesoni ina mvumo wake. Omega huvuma kwa sauti nyembamba, kali, kama kengele. Rho huvuma kwa sauti pana, kama ngoma iliyolegea, maana haikawii kupasuka vipande viwili. Ziko nyingine: fai, na ndugu zao wazito wanne. Jumla saba. Anayechora huzipanga saba hizo, hii aipe nguvu kiasi hiki na ile kiasi kile, mpaka mvumo wa zote pamoja ulingane na vidoto vilivyopimwa. Tena kuna masharti mawili yasiyovunjwa: elektroni isiposukuma kabisa, jumla ya chaji kwa protoni lazima iwe moja, na kwa nyutroni lazima iwe sifuri. Nyutroni inafanana na nyumba yenye ugomvi ndani na amani barazani. Nje hauoni kitu, ila ukisogeza sikio unasikia.

Naelijwa alikuwa mshika mchoro. Kazi yake ilikuwa kupanga mivumo hiyo, na bila jina lake hakuna jedwali lililotoka.

Saba zile zilikuwa zimekataa kupita juu ya kilima. Ndipo Mizani, akili ya mashine iliyowasaidia kukokotoa, ikaongeza mesoni ya nane, ambayo hakuna maabara yoyote duniani iliyokuwa imewahi kuiona, na mstari ukapita kwenye vidoto vyote kama uzi kwenye shanga. Profesa alishaipa jina. Aliiita Shengena, kwa heshima ya kilele cha milima yao.

"Mizani," Naelijwa aliita, "una uhakika na ya nane?"

"Vidoto mlivyonipa vinaidai," ikajibu ile sauti yenye adabu kutoka dari. "Bila hiyo, mstari unavikosa vidoto tisa."

"Sikukuuliza vinadai nini. Anayedai si lazima awe mkweli."

Profesa akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Nisikilize. Jumapili saa tatu baraza la kuidhinisha tiba linakaa. Tukiwa na jedwali lililosainiwa, Jumatatu taa inawashwa. Tusipokuwa nalo, baraza halikai tena mpaka miezi sita. Wodini kuna wagonjwa kumi na mmoja. Na wewe unajua mmoja wao ni nani."

Alijua. Kitanda cha nne, karibu na dirisha, alilala mama yake mdogo, Nakijwa, aliyemlea tangu akiwa na miaka mitatu. Alikuwa na uvimbe kwenye kongosho. Daktari alikuwa amempa miezi mitatu, akajaribu kuitamka kwa namna ya kuifanya isikike mingi.

Taa ile haikuchoma ngozi. Mwanga wake ulipita mwilini kimya mpaka kwenye kina ulichoambiwa, hapo ndipo ukavaa vazi la mesoni na kubisha kwenye viini vya uvimbe peke yake. Kina hicho kilisomwa kwenye jedwali, na jedwali lilitoka kwenye mchoro. Naelijwa alikuwa amepiga hesabu mara tatu. Kama Shengena ipo kweli, mwanga utatua katikati ya uvimbe wa mama mdogo. Kama haipo, utapitiliza milimita nne. Na milimita nne nyuma ya uvimbe ule palipita mshipa mkubwa wa damu, mnene kama kidole gumba.

Akisaini, huenda akamponya, huenda akamuua kwa mkono wake. Asiposaini, anamuua kwa kukaa kimya, na wengine kumi pamoja naye.

"Nipe mpaka Jumapili asubuhi," alisema.

"Jumapili asubuhi," Profesa akakubali. Alipoinuka akaongeza, bila ukali: "Usipotaka wewe, Naelijwa, kanuni inaniruhusu kumteua mshika mchoro mwingine. Sipendi. Lakini nitafanya."

* * *

Ijumaa mchana alikwenda wodini na ile karatasi imekunjwa kwapani, kwa sababu hakuweza kuiacha.

Mama mdogo Nakijwa alikuwa ameketi, mto mgongoni, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amekonda, mifupa ya mikono ikionekana kama njiti za mwamvuli, ila macho yalikuwa yale yale. Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu alikuwa mgawa maji wa Mlongea. Alishika ndiva, lile bwawa la mlimani ambalo wazee waliwachimbia wajukuu, nao wajukuu wakalijengea kuta za zege. Kila jioni aliziba mlango wake, maji ya kijito yakajaa usiku kucha. Kila alfajiri akateremsha fimbo yake yenye alama kusoma kina, kisha akafungua, na maji yakaenda kwa zamu kwenye mashamba. Fimbo hiyo ilikuwa ya mpingo, imeng'aa kwa kushikwa. Aliyekuwa nayo ndiye aliyeamuru maji. Hata wodini alikuja nayo, akailaza ubavuni mwa kitanda kama mume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Chukua ndizi hapo." Alimtazama anavyomenya. "Uso wako umekaa kama wa mtu aliyepoteza mbuzi wa jirani. Hiyo karatasi ina nini?"

Naelijwa aliitandaza juu ya shuka. Hakuwa na nia ya kueleza, lakini mama mdogo hakuwahi kuelezwa kitu nusu akaridhika, kwa hiyo akaeleza yote: tonge la ugali, mwanga unaovaa vazi, kengele na ngoma, saba zinazojulikana na ya nane isiyojulikana. Hakuficha milimita nne. Mama mdogo alisikiliza huku akisugua fimbo yake kwa dole gumba.

"Kwa hiyo unaogopa kuniua," alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Vizuri. Daktari asiyeogopa kuniua simtaki." Akainamia karatasi. "Na hiki kilima ndicho chenye ugomvi?"

"Hicho."

"Mlikipima lini?"

Hilo lilikuwa swali la mgawa maji. Kwake hakuna maji yasiyo na siku yake. Mtu akilalamika kuwa mfereji ulikuwa mkavu, humuuliza kwanza: lini?

"Kwa siku tofauti, mama. Sehemu hii ni ya pembe ndogo, inataka pango likiwa tulivu, mafundi wasipitepite. Kwa hiyo mimi na Iddi huwa tunaipima wakati wenzetu wamekwenda..." Akasita.

"Wamekwenda wapi?"

"Kanisani."

"Ahaa!" Mama mdogo akapiga fimbo kitandani, mgonjwa wa kitanda cha tano akashtuka. "Jumamosi! Nilikwambia. Miaka minne nakwambia, Naelijwa, usifanye kazi siku ya Sabato, wewe unanijibu elektroni hazina dini. Sasa umeona? Siku nyingine hicho kilima hakipo?"

"Siku nyingine hatupimi hapo."

"Basi hiyo mesoni yako ni Msabato!" Akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na bado akacheka. "Siku sita haionekani. Ya saba inavaa gauni jeupe, inajitokeza. Angalau familia hii ina mmoja anayetunza Sabato."

Naelijwa naye alicheka, ndizi mdomoni. Kisha kicheko kikamkauka, kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni.

"Mama. Ndiva siku ya Sabato huwaje?"

"Huwaje? Haifunguliwi. Nani afungue? Mlongea yote imekaa kanisani. Inajaa tangu Ijumaa jioni, Jumamosi kutwa imejaa mpaka maji yanamwagika ukingoni. Kesho itajaa hivyo, na mimi nipo hapa natazama ukuta." Akaacha kusugua fimbo. "Kwa nini unaniangalia hivyo?"

"Ina maji kiasi gani ikijaa?"

"Mhandisi aliyejenga zege alisema tani elfu tatu. Mimi najua ni alama kumi na nne."

Naelijwa akaigeuza karatasi, upande wa nyuma akachora mlima, bwawa juu, pango chini. Alichora polepole. Chumba chenye mkono wa chuma unaoshika vihesabu vya elektroni kilikuwa wapi? Kilikuwa chini ya shamba la mzee Mruma. Na juu ya shamba la mzee Mruma kulikuwa na nini?

Ndiva.

Tani elfu tatu juu ya mwamba. Mwamba ungebonyea, si sana, chini ya upana wa unywele. Sakafu ingeinama, mkono ungeinama nayo, ukatazama pembe ndogo kuliko iliyoandikwa. Na kwenye pembe ndogo elektroni ni nyingi mno. Ukikosea chembe tu, zinamiminika. Ungehesabu nyingi kuliko haki. Ungeona kilima.

"Mama mdogo," alisema, "nadhani umeigundua mesoni ya nane."

* * *

Profesa Senkoro alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Mwamba ule una umri wa miaka mamilioni kwa mamilioni. Umevumilia matetemeko. Leo utainamishwa na maji ya kumwagilia tangawizi?"

"Kidogo tu, Profesa. Sisi tunapima kidogo."

"Uzi wa leza unakagua sakafu kila wiki. Haujawahi kuonyesha kitu."

"Unakagua Jumatatu saa sita mchana. Saa hiyo ndiva ni tupu. Siku za kazi zote tunaanza kupima saa nne, maji yakiwa yameshatoka." Akaigeukia dari. "Mizani, vidoto tisa vya kilima vimepimwa siku gani za wiki?"

Mizani ikavipitia vidoto kimoja kimoja. "Nilipewa sekunde tangu mtambo uwashwe. Nikizigeuza kuwa siku: Jumamosi, Jumamosi, Jumamosi..." Ikaendelea mpaka ikafika tisa. "Hamkuniuliza siku. Na habari za ibada sikupewa."

Profesa akakaa. Naelijwa aliona mkono wake unaipapasa kola, pale ambapo beji ndogo yenye neno Shengena ilikuwa imebanwa. Alimhurumia. Mtu huyu alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi kwa chaki iliyokatika, na hii ndiyo mara ya kwanza mlima wao ulikuwa umeita kitu kwa jina lake mbele ya dunia.

"Yaweza kuwa bahati tu," alisema Profesa.

"Yaweza. Kwa hiyo nipe kesho. Saa mbili mpaka saa nne tunapima kilima ndiva ikiwa imejaa. Saa nne tunaifungua. Saa sita tunapima tena. Kilima kikibaki, nasaini mbele yako, na jina la Shengena nitaliandika kwa wino mwekundu."

"Utaifungua ndiva Jumamosi? Mlongea hii?" Kwa mara ya kwanza Profesa alitabasamu. "Mwanangu, kugundua mesoni ni rahisi zaidi."

* * *

Asubuhi ya Jumamosi Iddi alibaki pangoni na mtambo. Iddi alikuwa fundi wa vihesabu, kijana wa Same mwenye ndevu chache alizozitunza kama bustani. Saa tatu na nusu akapiga simu: "Dada, kilima kipo. Kimekaa pale pale, kimenona."

"Usiguse kitu. Naingia kanisani."

Shule ya Sabato ilikuwa ndiyo imekwisha, watu wamesimama uwanjani kabla ya ibada kuu, mashati meupe, vitambaa vya kichwa vilivyonyooka. Naelijwa alipita katikati yao na fimbo ya mpingo mkononi. Minong'ono ikamfuata.

"Leo umeikumbuka njia, mwanasayansi?" akamuuliza mama mmoja wa kwaya.

"Nimeikumbuka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na viatu vya kazini!"

Mzee Eliamani Mmbaga alikuwa mzee wa kanisa, na Nakijwa alipolazwa ndiye aliyekaimu ndiva. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili. Alipoiona fimbo, akavua kofia.

"Nakijwa amefariki?"

"Hapana, baba. Amenituma."

Akaeleza mbele ya wote, kwa sababu wote walishasogea. Hakutumia maneno ya pangoni. Alisema kuna taa ya kuponya, na taa inahitaji kipimo, na kipimo tunahofia kimepotoshwa na uzito wa maji. Tukifungua leo tutajua, tukingoja Sabato iishe hatutawahi kupima na kuchora upya kabla baraza halijakaa kesho asubuhi. Akasema ni watu kumi na mmoja. Akawataja mmoja mmoja kwa majina, na kila jina lilipotajwa kuna mtu uwanjani aliyeinamisha kichwa.

Mzee Eliamani akaitazama fimbo. "Tangu babu yangu ndiva hii haijafunguliwa siku ya Sabato," alisema. "Hata mwaka wa ukame. Nakijwa mwenyewe alimfukuza mjomba wangu mlangoni kwa fimbo hii hii. Alama yake ipo mgongoni mpaka leo."

"Najua, baba."

"Na sasa yeye ndiye anaagiza ifunguliwe. Amesemaje, hasa?"

Naelijwa akaiga sauti ya mama mdogo. "Amesema: mwambieni Eliamani, ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato mtu humtoa, hata Bwana alisema. Na amwambie mjomba wake kwamba siku ile hapakuwa na ng'ombe shimoni, palikuwa na tangawizi."

Kicheko kililipuka uwanjani, kwanza kwa wazee waliomkumbuka huyo mjomba, kisha kwa wote. Mzee Eliamani alicheka mabega yakitikisika, akajifuta macho, akanyoosha mkono kuipokea fimbo.

"Maji yasipotee bure," alisema. "Yaende mfereji wa chini, kwa wajane. Kwaya, tangulieni."

Wakapanda. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, maji yametulia, mawingu yamelala ndani yake. Mzee Eliamani akateremsha fimbo, akaipandisha, akaisoma kwa sauti ili kila mtu asikie: "Kumi na nne!" Saa nne kamili wanaume wanne wenye mashati meupe wakakunja mikono, wakashika mti wa mlango, wakavuta. Maji yakanguruma. Yakaruka mferejini yakiwa ya kahawia kwanza, kisha meupe, na kwaya ikaimba kwa nguvu ya kushindana nayo.

Naelijwa hakungoja. Alishuka mbio pangoni, viatu vimelowa.

Iddi alikuwa amekaa mbele ya uzi wa leza, ule mstari mwekundu ulioshuka kutoka dari mpaka kwenye kioo cha sakafu. Hakuvuta hata pumzi ndefu. Profesa alikuwa nyuma yake, mikono imefungwa mgongoni.

"Unasogea," Iddi alinong'ona.

Ulikuwa unasogea. Polepole sana, kama kivuli cha mti, mwanga mwekundu ulikuwa unapanda kwenye alama za kioo. Mwamba ulikuwa unanyanyuka. Mlima mzima ulikuwa umetuliwa mzigo, na ulikuwa unavuta pumzi.

Saa sita walianza kupima. Kidoto cha kwanza kikatokea ubaoni. Kilikuwa chini ya kilima. Cha pili chini. Cha tatu. Kufikia saa saba na nusu vyote tisa vilikuwa vimejipanga kwenye mteremko, kimoja nyuma ya kingine, kama watoto waliorudi kwenye mstari baada ya mwalimu kukohoa.

"Mizani," Naelijwa alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Ondoa ya nane. Panga saba tu. Rho iache na upana wake wote, usiibane."

Mstari ukachorwa. Ulitoka kushoto ukateremka, ukapita kwenye kidoto cha kwanza, cha pili, cha tisa, ukaendelea kushuka bila kujikwaa popote. Protoni ikatoa moja. Nyutroni ikatoa sifuri. Kengele, ngoma, na ndugu zao, zote zilivuma pamoja na hakukuwa na sauti hata moja ya mgeni.

"Mstari haukosi kidoto," ilisema Mizani. Kisha ikaongeza: "Ni mzuri kuliko ule wangu."

Iddi aliruka, akamkumbatia Naelijwa, akakumbuka adabu, akamwachia, akamkumbatia tena. Naelijwa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja na hakujua kipi kimeanza.

Profesa Senkoro alisogea ubaoni. Alilitazama jina aliloliandika kwa mkono wake pembeni ya mstari wa zamani: Shengena. Akatoa leso mfukoni, ile iliyokunjwa vizuri, akalifuta herufi moja moja, bila haraka, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Halafu akabandua beji kwenye kola.

"Tulitaka kuionyesha dunia mesoni," alisema. "Tutaionyesha mlima unaopumua." Akageuka, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Niliipenda sana ile ya nane, Naelijwa. Ningeliua watu kwa kuipenda. Lete hiyo karatasi mpya usaini, kisha nami nisaini chini yako. Chini, nimesema."

Safari hii alishika kalamu, na kalamu haikuuma.

* * *

Baraza lilikaa Jumapili saa tatu, likamaliza saa nne kasoro. Jumatatu Taa ya Mvumo iliwashwa kwa jedwali la mesoni saba.

Mama mdogo alikuwa wa kwanza, kwa kuwa alikataa kuwa wa pili. Alilala chini ya taa dakika kumi na moja. Naelijwa alisimama nyuma ya kioo, kucha zimezama viganjani. Taa ilipozimwa, mama mdogo alifumbua jicho moja.

"Mmeshaanza?" aliuliza.

Mwanga ulikuwa umetua katikati ya uvimbe. Haukupitiliza hata upana wa uzi. Wiki ya tatu uvimbe ulikuwa kama harage, wiki ya saba kama punje ya mtama, wiki ya tisa daktari alizungusha picha juu chini akiutafuta. Wagonjwa wote kumi na mmoja walitoka wodini kwa miguu yao, na wa kitanda cha tano alitoka akilalamika kwamba kwa miezi miwili hakulala kwa sababu ya mwanamke mmoja na fimbo yake.

Tangu hapo kila kidoto kinachopimwa Mlongea huandikwa pamoja na kina cha ndiva, kwa alama za fimbo, kama mgawa maji anavyosoma. Wageni wanaotoka mbali huuliza kipimo hicho ni cha nini. Huambiwa wapande wakaone.

Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka, mama mdogo alipanda mwenyewe. Naelijwa alitembea kando yake, gauni jeupe, viatu vya kanisani vikimbana. Bwawa lilikuwa limejaa, maji yanamwagika ukingoni kwa sauti ndogo. Mama mdogo akateremsha fimbo, akaipandisha, akasoma.

"Kumi na nne."

Naelijwa akatoa simu kuandika namba hiyo, na akakuta pangoni imeshaandikwa, imesomwa kwa uzi wa leza. Mtambo ulikuwa umezimwa. Kwenye ubao wa siku hiyo hakukuwa na kidoto hata kimoja, ila mstari mmoja wa maneno kutoka kwa Mizani:

*Ndiva imejaa. Leo tumepumzika.*

Alimwonyesha mama mdogo. Mama mdogo alisoma mara mbili, akarudisha simu, akajishika kiuno, akautazama mlima wake wote kuanzia kileleni mpaka mlango wa pango.

"Haya," alisema. "Hata huyo naye ameokoka."